Pisti Iliyofungwa Haijalala

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na Mkenya anayeishi Ujerumani, bia mkononi: "Kaka, lifti zimefungwa, watu wameshuka, mlima mtupu. Si ndiyo salama zaidi kuteremka na skii sasa?" Skii ni zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji.

Hapana. Naandika hapa ili mwingine akiniuliza nimtumie kiungo, nisirudie hadithi ileile.

Nafanya kazi usiku St. Anton, Austria, kwenye mashine za kusawazisha theluji. Lifti zinazopandisha watu mlimani husimama mnamo saa kumi jioni, watu wa doria hupita mara ya mwisho kuhakikisha hakuna aliyebaki, kisha tunapanda sisi. Saa hizohizo baa za juu ya kijiji, zilizo pembeni kabisa mwa pisti (njia ya theluji iliyosawazishwa kwa kuteleza), ndiyo kwanza zinachangamka. Watu wanacheza muziki juu ya meza na mabuti yao ya skii mpaka saa mbili usiku, halafu wanatafuta skii zao gizani na kuteremka. Wanateremkia wapi? Kazini kwangu.

"Lakini mashine ina taa, naiona." Hapo ndipo ninapochoka. Mashine haina neno. Ina uzito wa zaidi ya tani 10, inanguruma, inang'aa, hata mlevi anaiona. Kinachoua ni waya.

Kwenye mteremko mkali minyororo ya mashine huzunguka bure na kuchimba theluji badala ya kuilaza. Kwa hiyo tunafunga waya wa winchi, roda ya kuvutia iliyo kwenye mashine, kwenye nguzo huko juu, winchi ikatusaidia kuvuta. Waya wenyewe una unene wa kama milimita 11, urefu wake unafika mita 1,000, na huvutwa kwa nguvu ya tani 4 hivi. Maana yake mimi naweza kuwa chini kabisa, nyuma ya kilima, taa huzioni wala injini huisikii, na waya wangu umekatiza mbele yako.

Tena hautulii. Penye mwinuko unazama ndani ya theluji, penye bonde unaning'inia hewani, pengine usawa wa magoti, pengine wa shingo. Nikigeuza mashine, waya uliokuwa kando unafagia pisti kwa upana. Ukilegea unafukiwa, nikivuta tena unachomoka ghafla. Anayeniambia "nitauruka" anadhani ni kamba ya kuanikia nguo. Utauonaje kwa tochi ya simu, wa kijivu, usiku, ukienda kilomita 40 kwa saa? Na mwenye sleji, kile kigari cha theluji kisicho na magurudumu, ndiyo balaa kabisa: amekaa chini, breki zake ni visigino.

Nikiona taa ya kichwani inakuja, nasimamisha kila kitu, ndivyo tunavyofundishwa. Ila kusimama hakulegezi waya; uzito wa mashine bado unauvuta. Huwa najiuliza kama pale namsaidia yule mtu au najipa moyo tu.

"Basi sawazisheni alfajiri." Theluji iliyosagwa inahitaji saa kadhaa za baridi ili chembe zake zishikane. Ukipita juu yake ikiwa mbichi, mifereji ya skii zako inaganda, na kesho asubuhi anayejikwaa humo ni mtoto wa darasa la skii. Ikianguka mpya usiku, tunarudia kabla hakujapambazuka. Saa bora ya kuanza ni ipi? Waulize madereva wawili, upate majibu matatu. Mwezi Machi, theluji ikiwa maji mchana kutwa, mimi husubiri ipoe. Mwenzangu wa zamu huanza papo hapo, na pisti zetu za asubuhi hazijawahi kumaliza ubishi huo.

Pombe? Kunywa. Italia sheria inakataza kuteleza ukiwa umelewa, lakini hayo ni ya polisi wao. Waya haupimi pombe. Aliyekunywa chai naye humkata.

Ukitaka kuteremka usiku, njia ya sleji kutoka Gampen, mlimani juu ya kijiji, ina siku zake za kuwashiwa taa. Siku nyingine, ondoka baa mapema. Na ukikuta bango la winchi lenye taa ya njano inayowakawaka, geuka, hata kama hoteli unaiona. Vua skii, fuata njia ya miguu. Mabuti yale yanaumiza, najua.