Nani kasema chombo ni kimoja?

Wiki iliyopita tena. Tuko katikati ya kikao cha kuandaa hati ya makubaliano ya ubia wa mashirika matano, mkurugenzi mmoja akaegemea kiti chake, akatabasamu, akasema: "Lakini ndugu mwezeshaji, manahodha wengi, chombo huenda mrama." Watu wakacheka. Kikao kilichobaki kikawa cha baharini. Methali hiyo nimeisikia kwenye vikao vya namna hii mara nyingi mno, hata naweza kumtambua atakayeitoa kabla hajafungua mdomo: karibu kila mara ni mkuu wa shirika lenye ruzuku kubwa kuliko wenzake. Wa mashirika madogo hawaitumii.

Methali haina kosa. Kosa ni kudhani kwamba ubia ni chombo kimoja. Mashirika matano yakiingia ubia hayageuki jahazi moja. Ni majahazi matano yanayoelekea bandari moja, kila moja na nahodha wake, bodi yake, wafadhili wake na mkaguzi wake wa hesabu. Baharia wa jahazi la jirani huwezi kumwamuru, wala kumfukuza kazi. Kuongoza msafara wa namna hiyo ni kazi nyingine kabisa, na mtu aliyeendesha shirika lake vizuri kwa miaka ishirini anaweza kuuvuruga kwa mwezi mmoja, tena kwa ujuzi uleule uliompa sifa.

Upande wa pili wapo wanaoamini kuwa uongozi shirikishi ni wote kuamua kila kitu. Hao sitakaa nao sana. Ukipeleka rangi ya nembo kwenye kamati ya uratibu, kikao cha saa nne utakachokipata ni haki yako. Gawaneni maamuzi: lipi ni la wote, lipi ni la sekretarieti peke yake, lipi shirika lina haki ya kulikataa bila kujieleza. Andikeni. Basi.

Kinachonikera hasa ni neno "tumekubaliana".

Soma kumbukumbu za kikao chochote cha ubia utalikuta limejaa. Wajumbe walikubaliana. Ilikubaliwa kwa pamoja. Ukiuliza nini kilitokea chumbani, utaambiwa mwenyekiti alisema, "Kuna mwenye neno?", watu wakaangalia simu zao, yeye akasonga mbele. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mratibu wa muungano mmoja, tukapitisha fomu ya pamoja ya viashiria, yaani vipimo vya kuonyesha kazi imefika wapi. Hakuna aliyepinga. Robo mwaka ikapita, fomu zikarudi kutoka mashirika mawili tu kati ya matano. Nikaanza kuandika barua pepe za ukumbusho, kila moja kali kuliko iliyotangulia, mpaka dada mmoja wa shirika dogo kuliko yote akanivuta pembeni. "Kaka, watu wangu wa uwandani wanajaza fomu tatu za wafadhili watatu. Hii yako ya nne ningewapa kwa uso gani?" Nikamuuliza kwa nini hakusema kikaoni. Akanitazama kwa huruma. "Ruzuku yetu inapitia kwenu."

Wahenga walishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikiandika kuwa makubaliano.

Kuna kusikia jambo, kuna kutolipinga, kuna kuliunga mkono, na kuna kujifunga kulitekeleza kwa watu na fedha zako. Haya manne hayafanani hata kidogo, na kumbukumbu zetu huyaita jina moja. Siku hizi sifungi ajenda mpaka kila mjumbe aseme shirika lake limefika wapi kati ya hayo. Inachosha, na wapo wanaoniona mbabaishaji. Inafichua pia tatizo la pili: nusu ya waliokaa mezani hawana mamlaka ya kujifunga. Wametumwa kusikiliza. Afisa miradi anaitikia kwa moyo mweupe, anarudi ofisini, mkurugenzi wake anauliza nani kamruhusu. Unamlaumu nani hapo? Muulizeni mjumbe mapema anaweza kuamua nini papo hapo na nini lazima akaulize, na mpeni muda wa kwenda kuuliza.

Watu hudhani ukilegeza kamba hivyo hakuna kitakachofanyika. Tazama kampeni ya kimataifa ya kupiga marufuku mabomu ya ardhini. Ilianza mwaka 1992 na mashirika sita. Kufikia 1997 yalikuwa yamepita 1,000, mkataba ukatiwa sahihi Ottawa mwezi Desemba, na kampeni ikapata Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na mratibu wake, Jody Williams. Muundo wake ulikuwa mlegevu kwa makusudi. Walichokaza wote ni dai moja, marufuku kamili. Namna ya kulipigania nchini kwake, kila shirika lilijiamulia. Najua, dai moja ni rahisi kulishika kuliko mradi wa miaka mitano wenye bajeti. Ndiyo maana nasema kazeni machache.

Bajeti ndiyo inayoniumbua hata mimi. Kanuni za ubia zilizopitishwa mwaka 2007 kwa ajili ya mashirika ya misaada ya kibinadamu zinaanza na usawa. Mwaka 2016 wafadhili na mashirika makubwa wakaahidi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za misaada hiyo, yaani asilimia 25, iwafikie watoa huduma wa ndani ya nchi kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka 2020 ukapita, lengo halijafikiwa. Huwa nashauri mpokea ruzuku mkuu, yaani shirika linalopokea fedha za mfadhili na kuzigawa kwa wenzake, asishike uenyekiti, na gharama za uendeshaji zigawanywe mpaka kwa mbia mdogo. Lakini mpokea ruzuku mkuu ndiye anayebanwa na mkataba hela ikipotea kwa mwenzake. Hofu yake ni ya kweli, na sijapata kifungu cha kuitibu.

Na niseme lingine ambalo miongozo hailisemi: nalipwa kuendesha warsha za uongozi shirikishi, na sina hakika kama warsha zinamjenga mtu yeyote. Waliobadilika mbele ya macho yangu walibadilika baada ya kuumbuliwa, kama nilivyoumbuliwa na yule dada. Uenyekiti wa zamu nao niliupigia debe miaka mingi; pasipo sekretarieti imara, faili huhama na kiti na kupotea njiani. Na penye dharura ya leo hii, watu wanapotakiwa kuokolewa kabla jua halijazama, mpeni mmoja amri, ya mezani yasubiri.

Tukirudi kwa mkurugenzi wangu. Jioni tulifika kifungu cha matamko kwa vyombo vya habari: je, sekretarieti iruhusiwe kutoa tamko kwa jina la wote? Akanyoosha mkono kabla sijamaliza kusoma. Shirika lake, akasema, lazima libaki na haki ya kukataa. Nikaandika, kisha nikauliza nani mwingine anaitaka haki hiyo.

Mikono yote minne iliyobaki ikapanda.