Kabla ya kuuliza sabuni ipi, uliza maji

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbezi alifika dukani kwangu Sinza na mfuko wenye taulo nane.

"Shikamoo mama," nikampokea.

"Marahaba, mwanangu. Hebu ziangalie hizi. Nimezinunua mwezi wa pili tu, leo hazifuti tena. Zinayatoa maji kifuani zinayapeleka mgongoni."

Nikatandaza moja juu ya meza ya kupigia pasi, nikachovya kidole kwenye kikombe cha maji, nikadondosha tone. Tone likakaa pale pale. Likajiviringa kama umande juu ya jani la jimbi. Nikahesabu taratibu, nilipofika kumi na mbili ndipo likaanza kuzama. Taulo ya pamba iliyo safi hunywa tone papo hapo, hupati hata nafasi ya kuhesabu.

"Unafulia sabuni gani, mama?"

Akanitajia tatu: ya unga, kikombe kizima kwa beseni, ya maji, ile ya kupima, anaiongezea ili povu lisikate, halafu kilainishi chenye harufu ya maua kwenye maji ya mwisho. Nikamuuliza na maji anayofulia.

"Ya kisima, tumechimba wenyewe. Yana chumvi kidogo, lakini tumeshazoea."

Huu ni mwaka wangu wa 18 nikifua nguo za watu. Miaka sita ya mwanzo nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya ufukweni, mingine yote niko hapa kwangu. Swali la "sabuni ipi nzuri?" naulizwa kila siku, na kila siku najibu kwa swali: unafulia maji gani? Wapo wanaodhani nakwepa. Sikwepi. Katika jiji hili la Dar es Salaam nyumba moja inaweza kutumia maji ya aina tatu ndani ya wiki moja. Leo bomba linatoka, maji ya DAWASA kutoka Ruvu. Kesho limekata, mnachota kwenye kisima cha jirani. Keshokutwa mnaita boza, na hakuna anayemuuliza dereva kayatoa wapi. Sabuni ni ile ile, lakini kwenye beseni haifanyi kazi ile ile.

Jaribu mwenyewe jioni ya leo. Chukua chupa mbili tupu za maji ya kunywa. Moja itie maji ya bomba, nyingine ya kisima, zote nusu. Kwangua sabuni ya mche kwa kisu, unga kidogo wa kujaa ncha ya kijiko, gawanya sawa. Funga, tikisa kwa nguvu. Ya bomba mara nyingi itatoa povu jeupe linalosimama. Ya kisima chenye chumvi itakuonyesha maji ya kijivu yenye chengachenga, na povu litakufa ukiwa bado unaliangalia. Zile chengachenga ni sabuni yako iliyokamatana na kalsiamu na magnesiamu za kisimani ikageuka kitu kisichoyeyuka. Haifui tena. Inakwenda kukaa kwenye nguo, na taulo, kwa vile ina vitanzi vya uzi maelfu kwa maelfu, huibeba kuliko nguo nyingine yoyote.

Sabuni ya mche ni sabuni halisi: mafuta, kama ya mawese, yaliyopikwa na kostiki soda. Kwa maji ya bomba ninaiheshimu sana. Kola ya shati, kwapa, upindo wa suruali uliokokota vumbi, hakuna kinachoshinda mche uliosuguliwa moja kwa moja juu ya doa lililoloweshwa. Ila kwa maji ya chumvi, iweke pembeni. Hapo chukua sabuni ya unga, kwa sababu ile haikutengenezwa kwa njia ya mche. Viungo vyake vya kuondoa uchafu havigandi ovyo na kalsiamu, na ndani yake huwa kuna soda na vitu kama zeolaiti, kazi yake kuyashika madini ya maji ili sabuni ibaki na kazi moja ya kutoa uchafu. Maji yakiwa na chumvi nyingi unaongeza kipimo kidogo. Kidogo, si kikombe.

Sasa povu. Hapa ndipo tunapopoteza fedha nyingi, na naomba mnisikilize kwa sababu nimewahi kutengeneza sabuni ya maji mwenyewe. Povu linakwambia kwamba kuna kitu kinachotoa povu kwenye maji, basi. Na uzito wa sabuni ya maji ya kupima, ule unaoifanya imiminike kama asali ukadhani umepata yenye nguvu, mara nyingi unatoka kwenye chumvi ya kawaida ya jikoni. Mwenye kutengeneza akichanganya slesi, ile malighafi ya kutoa povu, na maji, anatia chumvi kidogo kidogo huku anakoroga, na mchanganyiko unajikaza mbele ya macho yake. Akizidisha chumvi unarudi kuwa mwepesi kama maji. Kwa hiyo dumu zito na dumu jepesi yanaweza kuwa na nguvu sawa, au jepesi likawa bora. Kuna watengenezaji wa mtaani makini sana, nawafahamu na nanunua kwao. Wapo pia wasiopima asidi na soda zao, na hao utawajua kwa mikono yako: baada ya kufua vidole vinachubuka au vinakuwa na utelezi usioisha hata ukisuuza. Sabuni ya namna hiyo usiifulie nguo za mtoto. Ukinunua ya dukani, tafuta nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwenye pakiti, kisha geuza nyuma usome viungo.

Kwenye viungo tafuta neno moja: vimeng'enya. Kwenye pakiti nyingi limeandikwa kwa Kiingereza, "enzymes". Kwa taulo na kwa mashuka hilo ndilo neno ninalolilipia. Fikiria taulo ya Dar inapokea nini. Mtu anaoga, anajifuta jasho linalotoka tena kabla hajamaliza kujifuta, anajipaka mafuta, anarudi kujifuta shingo. Taulo inabeba ngozi iliyokufa, jasho, na mafuta ya kujipaka au ya nazi. Kimeng'enya kimoja hukata protini kama damu na jasho, kingine wanga wa uji na ugali, kingine mafuta. Lakini havifanyi kazi kwa haraka haraka. Vipe maji ya uvuguvugu, yale ya simtanki lililopigwa na jua la mchana yanafaa kabisa, na uloweke nusu saa hadi saa nzima. Maji yaliyochemka huviua. Jiki pia huviua, kwa hiyo kumwaga jiki kwenye beseni la sabuni ya namna hii ni kujifutia fedha yako mwenyewe. Na hariri usiiloweke humo, kwa sababu hariri nayo ni protini.

Kipimo ninachotumia kwa taulo: maji lita 10, vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga, visiwe vya kurundika. Kwa maji ya chumvi, vitatu. Kisha suuza mara tatu. Anayebana maji kwenye kusuuza ni bora abane sabuni mwanzoni, maana sabuni iliyobaki kwenye taulo inaikakamaza, inakamata uchafu mpya, na mvua za masika zikija inakuwa chakula cha wadudu wanaoleta uvundo. Ile harufu ya taulo iliyokauka lakini ikilowa tu inanuka, ina mwenyewe: mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza kwamba bakteria aitwaye Moraxella osloensis ndiye anayeitengeneza, na anavumilia kukauka. Manukato hayamwondoi. Joto, jua na kusuuza vizuri ndivyo vinavyomsumbua. Ikishaingia kawa, vile vidoa vyeusi, hapo ni shughuli nyingine.

Kilainishi kwenye taulo, tafadhali acheni. Kinafanya kazi kwa kuupaka uzi utando laini wa mafuta mafuta, na mafuta na maji hayakai pamoja. Dera, shuka, sweta la mtoto, sawa. Kwa taulo weka siki nyeupe, kama nusu kikombe kwenye ndoo ya kusuuza. Inavunja ukali wa sabuni iliyosalia na harufu yake huisha ikikauka. Halafu kabla ya kuanika, ishike taulo pembe mbili uipige hewani mara kumi mpaka usikie inalia. Vitanzi vinasimama. Ikianikwa ikiwa imelala kama ilivyotoka kukamuliwa, itakauka kama gunia hata ungefulia sabuni ya mfalme.

Na jiki. Nilikuwa na miezi michache tu pale hotelini. Taulo nyeupe za ufukweni zilirudi na madoa ya manjano hafifu, nami nikaona dawa ni moja tu, jiki, tena ya kutosha. Tulikuwa tunafulia maji ya kisima yenye chuma. Taulo zaidi ya arobaini zilitoka na mabaka ya rangi ya chai ya rangi, nikasimama mbele ya mashine mikono imelegea. Msimamizi wangu, mzee aliyefua kabla sijazaliwa, hakunigombeza. Akanieleza kwamba kuna losheni za kukinga jua zenye avobenzoni, na hiyo ikikutana na chuma kwenye maji huacha doa la kutu. Jiki inakichoma kile chuma kiwe kutu zaidi. Tukazisuuza mpaka harufu ya jiki ikaisha kabisa, ndipo tukaziloweka kwenye maji moto yenye ndimu ya unga. Nyingi zilirudi. Tangu siku ile, doa la manjano lisiloeleweka silipelekei jiki kabla sijajaribu ndimu. Ila tuelewane: kwanza suuza, kwa sababu jiki haikutani na ndimu, wala siki, wala dawa ya choo yenye asidi, kwenye chombo kimoja. Hutoka gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo inaumiza kweli.

Kwenye nguo mambo ni mepesi kidogo, isipokuwa rangi. Sabuni nyingi za unga zina vitu vya kung'arisha vinavyobaki kwenye kitambaa, vinapokea mionzi ya urujuanimno ya jua na kuirudisha kama mwanga wa samawati, ndiyo maana shati linaonekana jeupe kuliko jeupe. Ni ile kazi ya bluu ya kusuuzia ya bibi zetu, kwa njia nyingine. Kanzu nyeupe na shati la shule, inawapendeza. Sare ya khaki au nguo ya rangi ya maziwa inabadilika taratibu mpaka mzazi anadhani amenunua kitambaa feki. Buibui na hijabu nyeusi zinapata weupe weupe wa vumbi. Kwa hizo nunua sabuni ya maji ya nguo za rangi, geuza nguo ndani nje, anika kivulini.

Kanga mpya na kitenge: najua mmeambiwa mloweke kwenye chumvi ili isichuje. Nami niliambiwa, na nilifanya miaka. Chumvi husaidia baadhi ya rangi kuingia kwenye pamba wakati wa kutia rangi kiwandani. Kanga ikishafika dukani Kariakoo, chumvi ya ndoo haina cha kuifunga. Ifue peke yake mara tatu nne za mwanzo, maji baridi, upesi, bila kuloweka, na usiiache imejikunja ikiwa mbichi.

Wenye mashine ya mlango wa mbele, tumieni sabuni iliyoandikwa ya mashine. Ya mkono inatoa povu jingi mno, nguo zinaelea kwenye povu badala ya kupigana.

Taulo za yule mama nilizifua bila sabuni yoyote. Maji moto ya bomba, ndimu ya unga kidogo, nikazungusha. Mzunguko wa kwanza mashine ilijaa povu mpaka kwenye kioo, povu la sabuni zake za miezi yote ile, na maji yaliyotoka yalikuwa ya kijivu kama ya kuoshea mchele. Wa pili povu likapungua. Wa nne maji yakawa meupe. Nikazipiga, nikazianika juani, jioni nikadondosha tone juu ya kila moja mbele yake. Sita zilinywa hapo hapo. Mbili tone likakaa juu. Nikatafuta lebo pindoni, nikaona zina poliesta nyingi kuliko pamba. Akaniangalia.

"Hizi je, mwanangu?"

"Hizi mama zifanye za kufutia gari."

Akacheka, akazikunja hizo mbili peke yake, akaniomba kile kijiko changu cha kupimia aone kinajaa vipi.