Pilipili manga, vanila na dhana potofu kuhusu mimea ya kivulini

Mwenye mifenesi, mikarafuu au minazi huwa anaiona ardhi ya chini kama hasara. Lakini Muheza, Matombo na Unguja, miti hiyohiyo hubeba pilipili manga, mmea unaotambaa na kukwea, miaka mingi bila kung'olewa. Kinachokwamisha wengi ni mambo waliyoyasikia na kuyaamini.

Dhana: Mmea unaopenda kivuli hustawi kwenye giza.
Hii ndiyo inayowaharibia wengi. Asili ya pilipili manga ni misitu ya kusini-magharibi mwa India, na ya vanila ni Mexico. Huko porini hupanda mitini kuufuata mwanga. Zinachotaka ni jua lililochujwa na majani. Vanila hufurahia takriban nusu ya jua: likizidi, majani hugeuka manjano na kubabuka, kivuli kikizidi, mmea hurefuka na kupendeza kwa ukijani, lakini hauchanui. Pilipili manga nayo, chini ya mfenesi mzito, hutoa majani tele na vishada vichache. Kwa hiyo shika panga, upunguze matawi ya mti kabla ya masika.

Dhana: Mmea unaotambaa hunyonya utomvu wa mti.
Hapana. Vijizizi vya kwenye pingili ni vya kujishikilia, havinyonyi mti. Chakula hutoka ardhini. Kwa kuwa vijizizi hivyo hushika gome, tazama kwanza gome la mti. Mpera na mkaratusi hubambuka magome, na mmea utaanguka nayo. Mti wa glirisidia ni mzuri, kwani hukubali kukatwa na huchipua tena haraka.

Dhana: Pingili yoyote inafaa kupandwa.
Kwa pilipili manga, chukua pingili ya shina linalopanda, lenye vijizizi. Ukipanda tawi la pembeni, utapata kichaka kifupi kisichokwea mti.

Dhana: Pilipili nyeupe ina mche wake.
Mche ni uleule wa pilipili manga. Punje zilizoiva hulowekwa, zikamenywa, zikaanikwa.

Dhana: Vanila ikichanua, nyuki watamaliza kazi.
Afrika Mashariki hatuna mdudu wa kutegemewa kwa kazi hiyo. Ua hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo, hivyo lazima mtu alichavushe kwa mkono, kwa kijiti chembamba. Njia hiyo aliigundua Edmond Albius mwaka 1841 kisiwani Réunion, akiwa mtumwa wa miaka 12, na hadi leo wakulima wa Kagera wanaitumia. Ganda, yaani tunda la vanila, hukaa miezi 8 hadi 9 kabla ya kukomaa, nalo likiwa bichi halina ile harufu tunayoijua. Harufu huja baada ya kuchovywa kwenye maji ya moto, kufunikwa litoe jasho na kukaushwa taratibu kwa wiki nyingi.

Ndiyo maana sishauri vanila kwa mtu anayelala mjini na kufika shambani Jumamosi. Huyo apande pilipili manga, maana maua yake hujichavusha yenyewe, huku mvua ikisaidia kusambaza chavua. Ila asipande bondeni maji yanakotuama. Mizizi itaoza, na mmea wa miaka 10 unaweza kufa ndani ya wiki chache.

Dhana: Pasheni nayo ni ya kivulini, kwa kuwa hutambaa.
Pasheni inataka jua. Ipande kwenye uzio, nje ya miti.