Pesa za Inua Jamii: kutoka kwenye bajeti hadi mkononi mwa mzee

Kila Juni bajeti ya taifa ikisomwa Bungeni, hutajwa mabilioni ya Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia kwa pesa taslimu wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Kiasi hicho ni ruhusa ya kutumia tu; pesa zenyewe bado hazijakusanywa. Anayetaka kujua kama walengwa watalipwa atazame tarakimu tatu: zilizotengwa, zilizotolewa na Hazina ya Kitaifa, na zilizolipwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa Sh2,000 kwa mwezi, mlengwa mmoja anahitaji Sh24,000 kwa mwaka. Ukisikia walengwa 500,000 wameongezwa, tafuta Sh12 bilioni zaidi kwenye bajeti, kabla ya ada za mawakala wa malipo na gharama za usajili. Usipoziona, wapya watabaki kwenye orodha bila kulipwa au wote watacheleweshewa.

Mbona malipo huchelewa? Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini kodi huingia kidogokidogo, na deni la taifa ndilo hutangulia kulipwa. Idara zingine husubiri zamu. Hata zamu ikifika, Msimamizi wa Bajeti lazima aidhinishe pesa kutolewa. Kwa miaka mingi malipo yamekuwa ya miezi 2 kwa pamoja, Sh4,000, kwa hiyo mizunguko miwili ikirukwa mzee amekaa miezi 4 mikono mitupu. Malimbikizo hulipwa baadaye, ndiyo, ila kufikia hapo ameshakopa unga na sukari dukani, na karibu zote zinaishia kwa mwenye duka.

Wakati mwingine pesa zimetoka na bado hazimfikii. Jina kwenye kitambulisho limeandikwa Mohamed, kwenye akaunti ni Mohammed, mfumo unakataa. Vidole vilivyosuguliwa na jembe miaka hamsini havisomeki kwenye mashine. Au mlezi aliyesajiliwa kumpokelea mlengwa amefariki na hakuna aliyewekwa mahali pake. Usingoje mzunguko unaofuata: nenda kwa chifu au afisa wa ustawi wa jamii ukiwa na kitambulisho cha mlengwa na cha mlezi mpya, kwa sababu pesa zikikaa bila kuchukuliwa hurudishwa na jina linaweza kusimamishwa.

Kuna hasara nyingine isiyotangazwa na mtu. Kiwango kisipobadilika huku bei zikipanda, tuseme, asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 10 Sh2,000 hununua vitu vya takriban Sh1,100 za mwanzo. Bajeti haijapunguzwa hata shilingi. Sahani ndiyo imepungua.

Jihadhari pia na jumla kubwa ya “hifadhi ya jamii”. Mara nyingi ndani yake mna pensheni za watumishi wa umma, ambazo haziendi kwa maskini zaidi. Uliza pesa taslimu za wasiojiweza ni kiasi gani peke yake.

Pa kuangalia papo. Katiba inamtaka Msimamizi wa Bajeti apeleke ripoti Bungeni kila miezi 4. Linganisha humo kilichotengwa na kilichotolewa kwa idara ya hifadhi ya jamii, kisha usome bajeti ya nyongeza, ile inayorekebisha bajeti katikati ya mwaka, kwani huko ndiko makato hupitishwa bila kelele.