Kuondoa Kizazi kwa Roboti au kwa Laparoskopia ya Kawaida

Wagonjwa wengi wanaoelezwa kwamba kizazi chao kitaondolewa kwa roboti hudhani kuwa mashine itawapasua yenyewe, na hofu hiyo inastahili kujibiwa kwanza. Roboti haiamui lolote. Daktari huketi hatua chache kutoka kitandani, akitazama picha ya ndani ya tumbo iliyokuzwa, na mikono ya mashine hufuata mwendo wa vidole vyake.

Katika njia zote mbili, ya roboti na ya laparoskopia ya kawaida (upasuaji wa matundu madogo ambapo daktari hushika vifaa kwa mikono yake), tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, kamera na vifaa hupitishwa kwenye matundu madogo, na kizazi kikishatenganishwa na mishipa yake ya damu hutolewa mara nyingi kupitia ukeni. Tofauti iko kwenye vifaa. Vile vya laparoskopia ya kawaida ni virefu na vimenyooka, hivyo kushona sehemu ya juu ya uke kunahitaji ustadi unaojengwa kwa muda mrefu. Vya roboti vina kifundo kinachojipinda kama cha mkono, jambo ambalo humsaidia daktari hasa pale makovu ya upasuaji wa zamani au endometriosisi kali (ugonjwa wa tishu kama za ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje yake) inapokuwa imegandisha viungo pamoja, au mgonjwa anapokuwa na unene mkubwa.

Wepesi huo wa daktari, hata hivyo, si lazima uwe nafuu kwa mgonjwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, ukihusu wanawake walioondolewa kizazi kwa maradhi yasiyo ya saratani, ulikuta matatizo kwa asilimia 5.5 ya waliofanyiwa kwa roboti na asilimia 5.3 ya waliofanyiwa kwa laparoskopia, ilhali roboti iliongeza gharama kwa takriban dola 2,189 kwa kila mgonjwa. Ndiyo maana, kwa kizazi kisicho na utata, sioni sababu ya mgonjwa kuhangaika kuitafuta roboti. Ni heri aulize daktari wake amefanya upasuaji huo mara ngapi, na kama kizazi kinaweza kutolewa ukeni bila kutoboa tumbo kabisa.

Saratani ya shingo ya kizazi ina hesabu yake. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba wanawake wenye saratani hiyo katika hatua za mwanzo, waliofanyiwa upasuaji mpana wa kuondoa kizazi kwa matundu madogo, iwe kwa roboti au bila roboti, walirudiwa na ugonjwa na kufariki zaidi kuliko waliopasuliwa tumbo. Mgonjwa wa aina hiyo asichague njia kwa udogo wa kovu.