Je, wajua kwa nini bia ya kegi inatoka povu tupu?

Umepika bia yako nyumbani, umesubiri hamira imalize kazi, umeihamishia kwenye kegi, yaani pipa la chuma linalounganishwa na mtungi wa gesi, siku ya kuonja unafungua koki na glasi inajaa povu juu mpaka chini. Wengi hapo hapo wanakimbilia mtungi wa gesi kupunguza presha, na hapo ndo wanaharibu zaidi.

Iko hivi. Mapovu ya bia ni gesi ya kaboni dayoksaidi, na kinachoizuia isitoke ni vitu viwili tu, presha na baridi. Ya presha aliieleza Mwingereza William Henry mwaka 1803, kwamba gesi ikikandamizwa zaidi juu ya maji, ndivyo inavyozidi kuyeyuka ndani yake. Ya baridi unaijua tayari, fungua soda ya friji halafu fungua iliyoshinda juani, utaona ipi inakurukia usoni.

Sasa chukua kegi ya lita 19, zile nyembamba za chuma ambazo wapika bia wa nyumbani Marekani walizirithi kutoka kwenye biashara ya soda. Ikikaa kwenye friji ya nyuzi 3 hivi, presha ya PSI 12 (PSI ni kipimo cha presha) inatosha kabisa, unaiacha wiki moja mpaka mbili na bia inakuwa imebeba gesi kama mara mbili na nusu ya ujazo wake. Ukiiweka stoo kwenye nyuzi 20 utahitaji karibu PSI 30 kupata kitu kilekile. Wapo wanaoipa 30 ikiwa baridi na kuitikisa ili iive siku hiyohiyo, inawezekana, ila mimi siipendi njia hiyo maana kuzidisha ni rahisi mno na kuitoa gesi iliyozidi ni kazi ya siku nzima.

Haya, povu linatoka wapi? Njiani! Ndani ya kegi bia imebanwa, nje kwenye glasi haijabanwa na kitu zaidi ya hewa ya kawaida, kwa hiyo mpira unaopeleka bia kutoka kwenye kegi hadi kwenye koki ukiwa mfupi, tuseme nusu mita, bia inatoka mbio na presha inaporomoka ghafla pale kwenye koki, gesi yote inatimka kwa pamoja. Mpira mwembamba wa milimita 5 hivi wenye urefu wa mita 2 au 3 unaifanya bia ikwaruzane na kuta zake njia nzima, presha inashuka taratibu, inafika kwenye glasi imetulia.

Ndo maana kupunguza presha hakusaidii. Gesi inaanza kujitoa humohumo kwenye kegi na kwenye mpira, unapata povu lilelile, na baada ya siku kadhaa bia yenyewe imeisha gesi.

Kama ni glasi ya kwanza tu inayotoa povu na ya pili inakuja safi, basi koki yako ina joto, hasa ikiwa nje ya friji, na feni ndogo ya kuisukumia baridi inamaliza tatizo. Koki nayo ifunguliwe yote, ukiifungua nusu unaibana bia pale mwishoni na povu linarudi upya hata kama mpira una urefu sahihi.