Je, wajua? Stata inayopiga "tatatata" mara nyingi haijafa

Asubuhi ya Julai, Dodoma, baridi bado haijaondoka. Unazungusha ufunguo wa Corolla ya miaka ya 1990, injini haigeuki, na chini ya boneti unasikia tatatatata kama cherehani iliyokwama. Jirani hata hajafika karibu ameshatoa hukumu: "Stata imekufa." Stata, ile mota ya umeme inayogeuza injini ili iwake, inafunguliwa, inapelekwa kwa fundi umeme, anaibana mezani na kuiunganisha na betri yake, nayo inazunguka bila shida yoyote.

Hukumu hiyo ni ya kawaida mno, na inaeleweka: mlio unatoka kwenye stata, kwa hiyo mgonjwa ni stata. Lakini stata iliyokufa kabisa huwa kimya, au hupiga "ta!" moja ikanyamaza. Ile tatatata ni ya stata inayoanza kazi yake vizuri, ikakatishwa, ikaanza tena, mara kadhaa kwa kila sekunde.

Juu ya mota ya stata kuna kopo dogo la chuma, solenoidi. Lina kazi mbili: kusukuma gia ndogo ishike meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini), kisha kubana shaba mbili nene ili moto wa betri, yaani umeme, uingie kwenye mota. Ndani yake kuna koili mbili, waya zilizoviringwa zinazogeuka sumaku umeme ukipita. Ya kwanza inavuta kwa nguvu. Shaba zikishabana, koili hiyo inajizima yenyewe kwa sababu ncha zake zote mbili zina volti sawa. Inabaki ya pili, dhaifu, yenye kazi ya kushikilia tu.

Chukua mlango mzito wenye springi, unaojifunga wenyewe. Kuufungua kunataka watu wawili. Ukishafunguka, mmoja anaondoka na wa pili anaushikilia kwa kiganja. Mgeni anaingia. Shida ni kwamba mshika mlango na mgeni wanakula sahani moja, na mgeni huyu, ambaye ndiye mota, ni mlaji hasa: ampea 150 kwa injini ya petroli ya kawaida si ajabu, wakati mshika mlango anatosheka na ampea kumi hivi. Sahani ikijaa, wote wanashiba. Ikiwa nusu, mgeni anaifagia palepale, mshika mlango anaishiwa nguvu, springi inafunga, mgeni anajikuta nje. Na kwa kuwa sasa hakuna anayekula, sahani inajaa tena, wale wawili wanavuta mlango, mgeni anaingia, anafagia. Kila mlango ukifunguka na kujifunga, wewe unasikia "ta".

Kwa hiyo kinachotafutwa ni sababu ya sahani kupungua: betri imeisha moto, au moto upo ila haufiki. Hapa ndipo watu wanapotea mara ya pili, wanaposema betri ni nzima kwa kuwa taa zinawaka. Taa mbili kubwa za wati 55 zinakula kama ampea 9 tu. Kichwa cha betri chenye ukungu mweupe kikiweka ukinzani wa omu 0.02, taa zinapoteza volti 0.18, kiasi ambacho jicho halikioni. Stata ya ampea 150 ikipita njia ileile, inapoteza volti 3.

Anza na mita kabla ya spana. Gari likiwa limelala usiku mzima, betri iliyojaa inasoma volti 12.6, 12.2 ni nusu hivi. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye risasi yenyewe ya betri (kile kichwa kinachochomoza), si kwenye klampu, na ncha nyingine kwenye klampu inayoishika. Mtu apige stata, gia ikiwa huru na hendibreki juu. Ukiona zaidi ya volti 0.2 kati ya vitu viwili vinavyogusana, uchafu umepatikana. Stata ikiwa inatatarika, namba za mita zitacheza tu. Busti kwanza kwa betri nzima ili izunguke, ndipo upime. Rudia kwa waya wa ethi, kutoka risasi hasi hadi chuma cha injini. Magari ya zamani huoza pale ethi inapofungwa kwenye bodi, mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Kufungua, hasi kwanza. Kurudisha, hasi mwisho. Sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi juu.

Kama betri na waya ni vizima na tatatata ipo, huenda koili ya kushikilia imekatika, na hapo solenoidi ina hatia kweli. Sikiliza pia mlio unatoka wapi: relei (swichi ndogo ya umeme) ndani ya boksi la fyuzi nayo hutatarika, kwa sauti nyembamba zaidi.

Kwa Dodoma kuna ujanja mmoja wa majira. Betri huharibika Oktoba na Novemba, joto linapokausha maji yake na kula bamba za ndani, lakini inaaibika Juni na Julai, oili ikiwa nzito na injini ngumu kugeuka asubuhi. Kwa betri za vifuniko, angalia kina cha maji kila mwezi wakati wa joto. Ongeza maji ya betri yaliyokenekwa (distilled), si asidi: kilichopungua ni maji.

"Ta!" moja na taa hazitikisiki ni habari nyingine. Katika Toyota nyingi za zamani ni zile shaba mbili ndani ya solenoidi zimelika, kwa kawaida ya upande wa betri zaidi. Shaba zinabadilishwa peke yake, hakuna haja ya stata nzima. Ikiwa ukigonga stata kwa mpini wa nyundo inakubali, shuku kabonibrashi zilizoisha, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota. Taa zikififia sana kwa "ta!" hiyo moja, acha kulazimisha, huenda injini yenyewe imekwama.

"Wiiii" bila injini kugeuka ni bendeksi inayoteleza, yaani ile gia ndogo ya stata na klachi yake. "Kraaa" ni meno, na hapo kuna kioja. Injini ya silinda nne ikizimwa haisimami popote tu: mgandamizo wa silinda moja huirudisha nyuma, ikatulia karibu kila mara kwenye moja ya sehemu mbili zilezile. Gia ya stata hung'ata palepale miaka yote, kwa hiyo flaiwili hulika mabaka mawili yanayotazamana huku meno mengine yakibaki mapya. Kwa gari la gia za mkono, zima swichi, tia gia ya nne, sukuma gari kidogo tu, rudisha huru, piga stata. Likishika bila "kraaa", ringi ya meno ya flaiwili ndiyo imelika, na stata mpya itang'ata mabaka yaleyale.